Terabaiti ngapi? Swali zuri, lakini lisiwe la kwanza

Kituo kipya cha data kikitajwa kwenye taarifa ya habari, mara nyingi tunaambiwa mambo mawili: ukubwa wa hifadhi yake na daraja la jengo lake. Petabaiti kadhaa, Tier III, basi. Kamera inaonyesha makabati meusi yenye taa za kijani, mheshimiwa anakata utepe, na sisi watazamaji tunabaki na picha ya ghala kubwa lenye kiyoyozi. Ghala likiwa kubwa zaidi, tunajiona tuko salama zaidi.

Namba zenyewe ni za kweli, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na kile zinachokiacha nje, yaani njia iliyopo kati ya mashine inayofanya kazi na diski inayotunza data. Kwenye vituo vingi vya data vya leo vitu hivyo viwili havikai pamoja. Vimetenganishwa kwa makusudi, na katikati yake kuna mtandao. Mtandao huo ukiyumba, hata ghala la petabaiti mia haliwezi kukuhudumia. Hili halitajwi kwenye hotuba, halitajwi kwenye vipeperushi vya wauzaji, na mbaya zaidi, vyuoni tunalipita haraka mno.

Duka Kariakoo, stoo mtaa wa pili

Tuanze na mashine. Seva moja ya kisasa ina nguvu kuliko mahitaji ya ofisi moja, kwa hiyo huwa tunaigawa. Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa haipavaiza. KVM, VMware ESXi na Hyper-V ni mifano yake. Inachukua seva moja na kuigawa kuwa mashine pepe kumi, ishirini au zaidi. Kila mashine pepe ina mfumo wake endeshi na inajiona ina prosesa yake, memori yake na diski yake.

Kiini macho kikubwa kiko kwenye diski. Mashine pepe inaiona kama diski ya kawaida. Haipavaiza inajua kwamba "diski" hiyo ni faili moja kubwa tu, au ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye hifadhi iliyoko mahali pengine. Mara nyingi mahali hapo si ndani ya seva ile. Ni kabati jingine lenye diski nyingi, na seva zote zinalitumia kwa pamoja. Ndiyo maana linaitwa hifadhi ya pamoja.

Mwenye duka Kariakoo anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Duka ni dogo, kodi ni kubwa, mzigo uko stoo mtaa wa pili. Mteja akitaka kitenge cha rangi nyingine, kijana anatumwa mbio. Mteja haijui stoo. Anachokiona ni duka lenye kila kitu. Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku mtaa umefungwa, au kijana amekwama kwenye msongamano wa mikokoteni. Siku hiyo duka liko wazi, taa zinawaka, muuzaji yupo, na hakuna kinachouzwa.

Sasa tufuate safari ya kitu kidogo kabisa. Mama mmoja Mbagala amelipia bima ya bajaji yake kwa simu. Mashine pepe inayoendesha mfumo wa malipo inataka kuandika mstari mmoja kwenye kanzidata. Ombi linatoka kwenye mfumo endeshi, haipavaiza inalipokea, inalifunga kwenye pakiti za mtandao, pakiti zinapita kwenye kadi ya mtandao, kwenye kebo, kwenye swichi, zinafika kwenye kidhibiti cha hifadhi, kinaandika, kisha kinarudisha jibu kwa njia hiyo hiyo: "nimeshaandika." Mpaka jibu hilo lirudi, mfumo makini hauwezi kumwambia yule mama kwamba malipo yake yamepokelewa. Safari nzima huchukua milisekunde moja au chini ya hapo, na hurudiwa maelfu ya mara kila sekunde.

Lugha za kuzungumza na hifadhi ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza inazungumza kwa mafaili. Hapa mkongwe ni NFS, iliyoanzia Sun Microsystems mwaka 1984 na ambayo inatumika mpaka leo. Seva inasema, "nipe faili fulani, kuanzia hapa mpaka pale." Ya pili inazungumza kwa vipande vya diski. Hapa kuna Fibre Channel, ambayo kwa kawaida hujengewa mtandao wake peke yake, na iSCSI, iliyochapishwa rasmi kama itifaki ya intaneti mwaka 2004, ambayo inachukua amri za diski na kuzipitisha kwenye mtandao wa kawaida. Kwa ofisi nyingi zenye bajeti ya kibongo, NFS na iSCSI ndizo zinazoingia mfukoni, kwa sababu swichi za kawaida zinatosha kuzibeba.

Kwa nini tujisumbue hivyo wakati diski ingeweza kukaa ndani ya seva? Sababu ni nzuri kabisa. Seva ikiharibika, data haijaharibika nayo, kwa hiyo seva nyingine inaziwasha mashine pepe zile zile ndani ya dakika chache. Tena kuna uhamisho wa moto moto, ambao VMware waliuingiza sokoni mwaka 2003. Mashine pepe inahama kutoka seva moja kwenda nyingine bila kuzimwa, kwa sababu kinachohamishwa ni memori tu, diski inabaki palepale ilipokuwa. Fundi anaweza kufungua seva saa nne asubuhi siku ya kazi na mteja asijue. Ni uvumbuzi mzuri, na sitaki msomaji aondoke akidhani naupinga.

Taa za kijani hazitoshi

Lawama yangu ya kwanza inahusu namna tunavyopima uzima wa mifumo. Njia ya kwenda kwenye hifadhi ikikatika, mashine pepe haifi mara moja. Inaganda. Programu zilizoko kwenye memori zinaendelea kupumua, mashine inajibu ukiipigia hodi kwa amri ya ping, na ubao wa ufuatiliaji unaonyesha kijani. Lakini kila kinachohitaji diski kimesimama kwenye foleni kikisubiri jibu.

Kinachofuata kinategemea mipangilio ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua. Kwenye Linux, diski ya aina ya SCSI kwa kawaida husubiri sekunde 30 kabla ombi halijahesabiwa kuwa limeshindwa. Baada ya hapo mfumo wa mafaili unaweza kuamua kujilinda kwa kukataa maandishi mapya, ukabaki wa kusomwa tu. Upande wa NFS, ikiwa imeunganishwa kwa mtindo wa kung'ang'ania, programu itasubiri bila kikomo. Kwa hiyo hitilafu ya kebo ya sekunde 40 inaweza kukuachia mashine pepe hamsini ambazo zote "zipo hewani", na hakuna hata moja inayoandika kitu.

Mtumiaji wa kawaida hajui lolote kati ya haya, na wala hapaswi kujua. Yeye anaona duara linazunguka kwenye simu. Mei 2021 mfumo wa kununua umeme wa LUKU ulipogoma kwa siku kadhaa, watu walikaa gizani huku pesa ya umeme wanayo. Chanzo cha mkwamo kiwe hifadhi, programu au kitu kingine, kwa aliyeko Tandika au Tegeta maumivu ni yale yale. Ndiyo maana naona ni kosa kupima uzima wa mfumo kwa kuuliza "seva inawaka?" Ulizeni kama imeweza kuandika kwenye diski na kusoma tena ilichoandika, ndani ya muda uliokubalika. Kipimo hicho ni mistari michache ya msimbo, na kinasema ukweli kuliko ukuta mzima wa taa za kijani.

Mchoro wa mstari mmoja

Lawama ya pili ni ya kwetu wanataaluma. Angalia mchoro wowote wa darasani: visanduku vitatu vya seva, mstari mmoja, silinda moja ya hifadhi. Mwanafunzi anafanya mazoezi kwa VirtualBox kwenye laptopu yake, ambako diski ya mashine pepe iko ndani ya laptopu hiyo hiyo. Anamaliza shahada akiwa ameunda mashine pepe nyingi, na hajawahi hata mara moja kuchomoa kebo ya hifadhi kuona kinachotokea. Halafu tunamkabidhi mifumo ya hospitali.

Matokeo yake nimeyaona kwenye ofisi moja upande wa Temeke ambayo sitaitaja. Seva tatu nzuri, kila moja na pawa saplai mbili. Hifadhi nzuri, yenye vidhibiti viwili. Kila seva inatoa kebo mbili kwenda kwenye hifadhi, na ukiangalia haraka utasema hawa watu wako makini. Fuata kebo kwa mkono sasa. Zote zinaingia kwenye swichi moja, na swichi hiyo hiyo inabeba kamera za ulinzi na simu za mezani. Hapo kilichonunuliwa mara mbili ni kila kitu isipokuwa kile ambacho vyote vinakitegemea.

Njia mbili maana yake ni kadi mbili, swichi mbili, vidhibiti viwili, na umeme wa swichi hizo usitoke kwenye UPS moja. Halafu programu ya njia nyingi kwenye seva iwe imewekwa sawa na imejaribiwa, maana njia ya pili ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Mtandao wa hifadhi nao utenganishwe na mtandao wa watumiaji, ili mtu anayepakua filamu ofisini asigombanie barabara na kanzidata.

Hata wakubwa yamewakuta. Aprili 21, 2011, kwenye kituo cha Amazon huko Virginia, Marekani, wahandisi walikuwa wanaongeza uwezo wa mtandao wa EBS, huduma inayozipa mashine pepe za Amazon diski kupitia mtandao. Trafiki iliyopaswa kuhamia ruta nyingine ya mtandao mkuu ikaelekezwa kimakosa kwenye mtandao wa akiba wenye uwezo mdogo. Mtandao ule ukazidiwa, na sehemu za hifadhi zikapotezana na nakala zao. Njia iliporudishwa, zote kwa mkupuo zikaanza kutafuta nafasi ya kutengeneza nakala mpya. Nafasi ikaisha, na zilizokosa zikaendelea kutafuta bila kuchoka. Kwa maelezo ya Amazon wenyewe, asilimia 13 ya diski pepe katika eneo hilo ziliganda, tovuti kubwa kama Reddit na Quora ziliathirika, na mwishoni asilimia 0.07 ya diski hazikuweza kurudishwa katika hali sahihi.

Angalia vizuri mlolongo huo. Hakuna diski iliyoungua wala seva iliyolipuka. Kilichoanza ni barabara kuelekezwa vibaya, kisha mfumo wa kujiponya ukaongeza msongamano juu ya msongamano. Ukubwa wa ghala la Amazon haukuwasaidia.

Kubwa, lakini ya nani ikiungua?

Lawama ya tatu inahusu neno "salama". Hifadhi ya pamoja hujilinda kwa kuandika data kwenye diski zaidi ya moja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Hiyo ni kinga dhidi ya kifo cha diski. Haikulindi dhidi ya mtu aliyefuta jedwali kwa bahati mbaya, kwa sababu ufutaji nao utanakiliwa kwa uaminifu ule ule. Haikulindi dhidi ya programu ya utekaji data. Na haikulindi dhidi ya moto.

Septemba 26, 2025, moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, wakati wa kazi ya kuhamisha betri. Mifumo 709 ya serikali ilisimama. Kati ya vilivyoteketea ni G-Drive, hifadhi ya pamoja ya watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, na haikuwa na nakala nje ya jengo. Sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Yaani ile namba tunayoipigia makofi ndiyo iliyogeuka kisingizio cha kutokuwa na bekapu. Na Korea Kusini si nchi changa kwenye teknolojia.

Hapa kwetu jibu la haraka huwa ni: "Tuweke nakala Dodoma." Wazo ni zuri, ila fizikia ina masharti. Nuru ndani ya faiba husafiri karibu kilomita 200 kwa milisekunde moja. Dar mpaka Dodoma kwa barabara ni karibu kilomita 450, na faiba ikifuata mkondo huo, kwenda na kurudi ni kilomita 900, sawa na milisekunde 4.5 kabla kifaa chochote hakijaongeza uchelewaji wake. Ukitaka kila andiko lithibitishwe pande zote mbili kabla ya kuendelea na jingine, foleni moja ya maandiko haiwezi kuvuka takriban 222 kwa sekunde, hata ununue diski za bei gani. Ukiamua Dodoma ipokee baadaye kidogo, kasi inarudi, lakini Dar ikizimika ghafla utapoteza maandiko ya sekunde au dakika za mwisho. Ni uamuzi wa kweli wenye gharama ya kweli: malipo ya nani tuko tayari kuyapoteza, na ya dakika ngapi? Uamuzi huo mara nyingi anaachiwa fundi wa zamu, wakati ulipaswa kufanywa na wenye huduma, wakiwa macho.

Kwa nini sasa, na kwa nini Kinondoni

Kituo cha Taifa cha Data, NIDC, kinachosimamiwa na TTCL, kiko Kijitonyama. Majirani zake pale ni COSTECH na ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni vigumu kupata mahali Tanzania ambapo anayejifunza mashine pepe na mashine zenyewe wako karibu zaidi.

Na data inaendelea kurudi nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikayumba Tanzania na majirani zake, kila mtu alipata somo la bure kuhusu ubaya wa kutegemea seva zilizoko ng'ambo. Naunga mkono data kukaa hapa. Lakini ukiileta nyumbani, unaleta na jukumu lake. Zamani kebo ya hifadhi ikichomoka, lilikuwa tatizo la mtu wa Dublin au Virginia. Sasa ni la mtu anayepanda daladala Mwenge.

Kuna watakaosema: basi tuachane na hifadhi ya pamoja, turudishe diski ndani ya seva na kuziunganisha kwa programu kama Ceph. Ni hoja nzuri, na kwa ofisi ndogo inaweza kuwa nafuu. Ila Ceph nayo haiandiki kwenye seva moja tu. Inapeleka nakala kwa wenzake, na inawapelekea kupitia mtandao. Mara nyingi inautaka mtandao mzuri kuliko ule wa mwanzo. Stoo umeigawa vipande vipande na kuigawia kila duka, lakini vijana wa kubeba mzigo bado wako barabarani.

Maswali ya kubeba

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia "terabaiti kadhaa", iwe wewe ni mwandishi wa habari, mjumbe wa kamati ya manunuzi au mwanafunzi kwenye ziara ya mafunzo, jaribu kuanza na haya:

Kati ya mashine pepe na diski yake kuna njia ngapi, na je, zinakutana kwenye kifaa kimoja popote?

Mara ya mwisho njia moja ilikatwa kwa makusudi ni lini, na mashine zilifanya nini?

Nani anajua mfumo umeganda kabla mteja hajapiga simu?

Nakala iliyoko nje ya jengo hili ina umri gani, na imewahi kurudishwa ikafanya kazi?

Tier III haijibu swali hata moja kati ya hayo. Daraja hilo linahusu umeme, upoezaji na uwezo wa kufanya matengenezo bila kuzima jengo. Ni jambo la maana, lakini linaishia mlangoni mwa kabati.

Kwa walimu wetu nina ombi moja, na gharama yake si kubwa: kompyuta mbili za zamani, swichi moja ya bei rahisi, NFS juu yake na mashine pepe moja inayoandika saa kila sekunde. Katikati ya kipindi, mwambieni mwanafunzi achomoe kebo kwa dakika moja, kisha airudishe, na aandike alichokiona. Nina hakika atakumbuka dakika hiyo hata baada ya kusahau michoro yote ya semista.